Uzi wa Dhahabu Usoni: Je, Unafaa?



Juma hili tunalo swali la mama mmoja wa hapa Rwamgasa. Amesikia kwamba ngozi ya uso iliyolegea huweza kuvutwa juu kwa nyuzi pasipo kupasuliwa, tena nyuzi zenyewe ni za namna nyingi. Yeye, kwa kuwa ni mtu wa machimboni, angependa uzi wa dhahabu. Je, atafanya vema?

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Daktari hutia ganzi, kisha hupitisha nyuzi chini ya ngozi kwa sindano. Ziko nyuzi laini, ambazo hazivuti kitu, bali huiamsha ngozi ijitie nguvu yenyewe. Ziko na nyuzi zenye vijino, ambavyo hushika nyama na kuivuta. Basi mwenye mashavu yaliyolegea akitiwa nyuzi laini peke yake, asitazamie kuinuliwa.

Kisha tuangalie zimetengenezwa kwa kitu gani. Uzi uitwao PDO ni wa jamii ya nyuzi ambazo madaktari wamezitumia kushonea ndani ya mwili tangu miaka ya 1980. Huyeyuka wenyewe kwa miezi 6 hata 8 hivi. Uzi wa PLLA hukaa mwaka na zaidi, na ule wa PCL hukaribia miaka 2. Lakini msidanganyike: kukaa kwa uzi si kukaa kwa uzuri. Mara nyingi uso huanza kulegea tena kabla ya mwaka kwisha.

Dhahabu ni habari nyingine. Haiozi wala haiyeyuki. Hiyo ndiyo sifa yake sokoni, na hiyo ndiyo hatari yake usoni. Uzi wake ni laini, hauna vijino, kwa hiyo hauinui shavu. Ukikatika, vipande huweza kuhama chini ya ngozi, na kuvitoa vyote ni kazi ngumu mno. Hata baada ya miaka mingi picha ya eksirei ya kichwa huvionyesha kama nywele nyeupe. Basi, mama, kitu chenye bei kubwa dukani si lazima kiwe na faida mwilini. Mtu akikata shauri kutiwa uzi, heri ule unaoyeyuka, maana ukileta taabu hautakaa naye maisha yote.

Tena ajiulize mambo matatu kabla ya kulala kitandani pa daktari.

La kwanza: je, kovu lake la chanjo au la kutoga masikio lilivimba na kuota nyama? Sisi watu weusi hupatwa na makovu hayo zaidi ya wengine. Mwenye dalili hiyo amwambie daktari mapema, na afikiri mara mbili.

La pili: ni nani anayeshika sindano? Jina lake liwe katika daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, na pakiti ya uzi ifunguliwe mbele ya macho yako. Sindano chafu huleta usaha, huleta homa ya ini, huleta na UKIMWI. Saluni ya nywele si mahali pa kazi hiyo.

La tatu: fedha hiyo ilikuwa ya nani? Kama ilikuwa ya sare na madaftari ya mtoto, uzi utayeyuka, na mtoto atabaki na deni la masomo.

Hata hivyo tusimcheke mama huyu. Katika nchi hii ya Geita na Shinyanga wako mabibi waliouawa kwa kuitwa wachawi, kwa sababu ya makunyanzi na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni tu. Mahali ambapo uzee umefanywa kuwa kosa, si ajabu mtu kuuogopa uso wake mwenyewe. Lakini woga huo hauponi kwa sindano. Utapona siku sisi vijana tutakapomwamkia kila bibi kwa heshima, tukamchotea maji, na kusimama mlangoni pake watu wanapoanza kunong'ona.

Nawatakieni juma jema.