Kuhariri Habari za Walemavu Si Kazi Duni

Wiki mbili zilizopita alinijia mama mmoja, jirani yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, na malalamiko. Mwanawe anasomea shahada ya uzamifu Marekani, naye amempasha habari kwamba amepata kazi ya saa chache katika jarida la chuoni kwao, jarida la taaluma ya ulemavu. Kazi yenyewe ni kuhariri. "Kaka," akaniambia, "miaka yote hii ya masomo, mwisho wake ni kusahihisha nukta na mkato katika habari za vilema? Mwandikie atafute kazi ya maana."

Nitamwandikia, lakini si hayo aliyoyataka mamake. Na kwa kuwa najua wazazi wenye fikira kama hizo ni wengi, nayasema hapa mbele ya wasomaji wote.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Makala yakifika katika jarida la kitaaluma hayachapishwi papo hapo. Hupelekwa kwa wataalamu wakayapima, yakarudishwa kwa mwandishi akayatengeneza, kisha lugha ikasafishwa na marejeo yakahakikishwa. Katika jarida la ulemavu kuna na zaidi: picha hutakiwa zielezwe kwa maneno, ili asiyeona, ambaye kompyuta yake humsomea kwa sauti, asipitwe na kitu. Mimi ni mtunzi wa mashairi, nami nasema kwamba kumweleza mtu picha asiyoiona, kwa maneno machache yasiyozidi wala kupungua, ni kazi ya kumtoa malenga jasho. Tena haimwibii masomo yake, maana mwanafunzi wa kigeni Marekani haruhusiwi kupita saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo.

Taaluma hii nayo haikuanzishwa na watu waliokuwa wakiwatazama walemavu kwa mbali. Jarida lake kongwe, Disability Studies Quarterly, lilianzishwa mapema katika miaka ya 1980 na Irving Kenneth Zola, mwalimu wa elimu ya jamii katika Brandeis University. Polio ilimpata angali kijana, akawa akitembea kwa mkongojo. Yaani aliyezoea kuandikwa ndiye aliyeishika kalamu.

Uzito wa jambo hili niliujua kwa aibu. Mwaka 1996, ningali mgeni katika kazi ya uandishi, niliandika habari ya bwana mmoja mwenye kibanda cha kutengenezea saa. Kichwa cha habari nikaweka "Kiwete Hodari", nami nikajiona nimemsifu. Kesho yake akaja ofisini kwa magongo yake, gazeti kwapani. Hakugomba. "Bwana," akaniuliza, "mimi ni fundi wa saa, mwaka wa ishirini huu. Mbona umeuandika mguu wangu, ukaiacha kazi yangu?" Sikuwa na jibu. Neno moja la mwandishi laweza kumvua mtu heshima yake hadharani, na aliyemvua akadhani amemvika.

Lugha yetu yenyewe yatufunza. Kipofu, kiziwi na kiwete ni majina yenye umbo moja na kiti na kisu, lakini hatusemi "kipofu kimekuja". Twasema "kipofu amekuja". Anayesema "kimekuja" huwa anatukana, na kila Mswahili hulisikia tusi hilo. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Lakini nani atakayeitekeleza haki hiyo gazetini na kitabuni kama si mhariri?

Sisi tuliopita chuoni tuliihifadhi Sura Abasa, ya 80, kabla ya kujua maana yake. Abdullah bin Ummi Maktum, asiyeona, alimjia Mtume (S.A.W.) kutafuta elimu wakati Mtume akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, naye akakunja uso. Sura ikateremka. Baada ya hapo Mtume alimtukuza: alikuwa mwadhini, na mara kadha Mtume aliposafiri alimwachia Madina aisimamie. Hakupewa sadaka akakalishwa kando. Alipewa kazi.

Kwa hivyo maoni yangu ni mawili. La kwanza, kazi hii ilipwe ujira wa haki, wala mwanafunzi asiambiwe kuwa malipo yake ni uzoefu, kwani uzoefu haulipi kodi ya nyumba. La pili, wenye ulemavu waitwe kwanza, na vyombo vya kazi vitengenezwe viwafae. Hapa kwetu pia, chuo kikuu chochote kinachotoa jarida chaweza kutenga nafasi moja kama hiyo, nacho kitavuna wahariri ambao magazeti yetu yanawahitaji.

Na wewe mama, usimvunje moyo mwanao. Mwambie aishike kazi hiyo kwa mikono miwili, na kila aonapo mguu umeandikwa na fundi ameachwa, airudishe karatasi kwa mwenyewe. Laiti mwaka ule mimi ningalipata wa kunirudishia yangu.