HOME siyo stoo!

Washkaji, leo sina habari za bumu wala za foleni ya kafeteria. Leo nawasema watu wa kalkuleta. Mnajijua.

HP 50g ilitoka 2006 na uzalishaji wake ukasimamishwa 2015. Ndo maana nyingi zinazozunguka huku darasani ni za kurithi: kaka kamaliza, kamwachia mdogo wake, naye kamuuzia mwingine. Mashine inakuja na mizigo ya wenyewe wa mwanzo. Unabonyeza VAR, unaona majina sita chini ya kioo. Unabonyeza NXT, mengine sita. NXT tena... mpaka kidole kinauma. P1, P2, XX, AREA, AREA2, ZZZ, yote yamerundikwa HOME. Ukimwambia mtu apange, jibu ni lile lile: "Mimi najua kila kitu kilipo. Mambo ya folda ni kazi ya masekretari."

Jamani, huo ni uvivu uliovaa tai.

Kwenye simu, picha ukiiweka folda yoyote itabaki picha ile ile. Kwenye HP sivyo, folda inabadilisha maana ya jina. Ukitaja jina, mashine inaangalia kwanza folda uliyopo. Isipolikuta, inapanda folda ya juu yake, inapanda tena, mpaka HOME. Haishuki chini wala haichungulii kwa jirani. Ikilikuta popote njiani inachukua na kuendelea. Haikuulizi kitu.

Sasa chukua kona ya barabara. Tunajua urefu wa tanjenti ni R mara tan ya nusu ya pembe. Pembe nyuzi 40, R mita 300, jibu ni mita 109.19. Umesahau kuingiza R kwenye folda yako. Kama HOME ni safi, mashine itakurudishia jibu lenye herufi R ndani yake, na utashtuka hapo hapo: kumbe sijaipa R! Lakini kama kuna mtu aliacha R ya 250 HOME tangu wiki iliyopita, utapata mita 90.99. Namba nzuri kabisa, ina desimali zake, haina hata aibu. Umekosea mita 18 na kitu, na vigingi mnapiga!

Mmeona hapo? HOME safi inakwambia umesahau, HOME chafu inakudanganya. Halafu mtu ananiambia kupanga ni urembo.

Wenye TI-84 nao wasicheke. Kwao programu zote ziko kwenye orodha moja kwa mpangilio wa alfabeti, folda hamna, na herufi A mpaka Z zinatumiwa na programu zote kwa pamoja. A ya programu hii ikiachwa inasubiri programu ile. Jina lina nafasi ya herufi nane tu, basi anza na alama ya somo ili ndugu wakae pamoja, na kila programu iulize thamani zake zote kwa Prompt kabla ya kugusa hesabu. Tofauti na hapo unacheza bahati nasibu.

Kuna na kundi la pili, wale wa folda ndani ya folda ndani ya folda. Nao wanaboa! Programu iliyozikwa ngazi ya tano huwezi kuiita kwa jina lake tu ukiwa nje, kwa sababu mashine haishuki. Wanaishia kuinakili kila mahali, kisha wakirekebisha moja, nne zinabaki na kosa lile lile.

Mpango wangu hauna maajabu. HOME weka zana zinazotumika kila somo tu, kama kubadili nyuzi na dakika. Kila somo lipe folda moja kwa CRDIR, uishie hapo. AREA ya upimaji na AREA ya majimaji zitaishi kila moja kwake bila ugomvi. Tumia ORDER kuleta mbele zile za kila siku. Ndani ya programu tumia majina ya muda, yale ya mshale, ambayo yanakufa programu ikiisha. Na 50g ina nafasi ya kadi ya SD, weka nakala kabla hujamwazima mtu. Jioni moja inatosha.

Najua mtasema nakuza mambo, kalkuleta tu hiyo. Sawa. Ila kesho ni barabara ya watu, na dereva wa lori usiku hatajua kama R ilikuwa yako au ya jamaa aliyemaliza mwaka juzi.

Anayebisha aje na mashine yake tufungue VAR pamoja. Nipo maktaba, baada ya saa kumi.