Siku ya Kuzaliwa: Tuwapeleke Wapi Watoto?



Mwezi huu tumeona ni vema tuzungumze juu ya jambo ambalo zamani halikusumbua nyumba zetu, nalo ni sherehe ya kukumbuka siku ya kuzaliwa kwa mtoto. Bibi zetu huku Ruvuma hawakuwa na desturi hiyo. Ukimwuliza bibi alizaliwa lini, atakujibu kuwa ilikuwa mwaka wa njaa, au wakati mahindi yanavunwa, basi. Siku hizi mtoto ana kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, na tarehe yake anaijua hata kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Wako wanaosema kuwa sherehe hizi ni kuiga tu mambo ya watu. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai hapa Tanzania, 147 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi 43. Nyuma ya tarakimu hizo wako mama zetu na bibi zetu waliozika. Kwa hiyo mama anayemwona mtoto wake anafikisha miaka 5 akiwa mzima, ana haki ya kufurahi na kushukuru. Swali letu ni namna ya kufurahi bila kujitia katika matatizo.

Mwenzetu mmoja hapa Songea alitufikia mwaka jana akiwa na mawazo mengi. Mwanawe wa kiume alikuwa anakaribia kutimiza miaka 5. Mtoto huyo alikuwa amealikwa kwa rafiki yake, akaona ukumbi uliopambwa, keki ya ghorofa mbili, na muziki wa kukodi. Aliporudi nyumbani hakusema kitu kingine kwa wiki nzima. Mama alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake: shilingi 300,000. Baba alikataa. Na mama, kimyakimya, alikuwa amekwisha kuzungumza na watu wa mikopo ile tunayoiita kausha damu, na kitu alichotaka kuweka rehani ni cherehani yake.

Akina mama, cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikinunua sare za shule katika nyumba ile. Tulimwambia wazi: ukumbi utasahaulika kwa wiki mbili, lakini deni litakugongea mlango kila wiki, na huyo huyo mtoto uliyemfurahisha ndiye atakayeona vyombo vya nyumbani vikibebwa. Mtu hujikuna ajipatapo.

Tukakaa naye chini, tukamwuliza swali moja ambalo alikuwa hajamwuliza mwanawe: ni kitu gani hasa alichokipenda kule ukumbini? Mtoto akaitwa. Akafikiri, kisha akasema, "Tulikimbia sana." Hakutaja keki wala muziki.

Basi, kama ni kukimbia, Songea ina nafasi ya kutosha. Wenzetu wa nchi za baridi huwapeleka watoto kwenye milima ya theluji wakateleze siku yao ya kuzaliwa. Sisi theluji hatuna, ingawa asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu hutufanya tuisadiki! Lakini tunayo bustani ya wanyamapori ya Ruhila ndani ya manispaa yetu. Tunayo milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma huanzia safari yake ya kilometa zipatazo 800 hadi Bahari ya Hindi. Kwa watoto wakubwa kidogo, iko Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, ambapo watajifunza juu ya mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Wengine walipendekeza Mbamba Bay, lakini tulikataa. Safari ni ndefu mno kwa watoto wadogo, na Ziwa Nyasa, pamoja na uzuri wake wote, halitaki watoto wengi na watu wazima wachache.

Tulichagua Ruhila, Jumamosi moja ya mwezi Juni wakati wa likizo, maana mvua zimekwisha na mavuno yameanza kuingia. Kila mama aliyetaka kusaidia alikuja na chombo kimoja: huyu maandazi, yule mihogo ya kuchemsha, mwingine karanga na ndizi. Keki tuliioka wenyewe kwenye sufuria iliyowekwa mchanga, moto wa mkaa chini na juu. Haikuwa na ghorofa, na upande mmoja iliungua kidogo. Watoto 14 waliimaliza kabla hatujapata kisu cha pili.

Jambo moja lilitugusa. Siku mbili kabla, tulisikia kuwa binti wa jirani asingekuja. Mama yake alisema ana kazi za nyumbani, lakini sote tulielewa: hakuwa na fedha ya kununua zawadi, na hakutaka mwanawe aingie mikono mitupu mbele ya wenzake. Mwenye sherehe alikwenda mwenyewe akamwambia, "Dada, kadi yetu ni ya kuja kucheza tu. Zawadi hatupokei kwa mtu yeyote." Binti akaja, na katika mbio zote siku ile hakuna aliyemfikia.

Hata hivyo tusifiche kosa letu. Saa kumi jioni, tulipokuwa tukikusanya vyombo, tulihesabu watoto tukapata 13. Tukahesabu tena: 13. Kila mama alikuwa akidhani mwenzake ndiye anayetazama. Tuliacha vyombo, tukatawanyika tukiita. Zilipita dakika kama 20, na hatuna maneno ya kueleza dakika hizo. Yule mtoto alikutwa amelala fofofo nyuma ya kichaka, si mbali na mikeka yetu, kipande cha andazi mkononi. Mama yake hakumpiga. Alimbeba tu mgongoni kama mtoto mchanga, wala hakumshusha mpaka nyumbani.

Kutokana na siku ile, furaha yake na hofu yake, tumeandika mambo haya machache kwa ajili ya mama anayepanga kutoka na watoto:

1. Anza na mfuko, kisha mahali. Elewana na baba wa nyumba juu ya kiasi ambacho hakitagusa chakula, sare wala mbegu za msimu ujao. Kiasi hicho kikiisha, sherehe imeisha. Usikope kwa ajili ya sherehe.

2. Nenda ukapaone mahali kabla. Ulizia kiingilio cha watoto na cha watu wazima, choo kiko wapi, na maji ya kunywa yanapatikana wapi. Kama ni ndani ya msitu wa hifadhi, kama ule wa Matogoro, omba ruhusa mapema kwa wahusika.

3. Gawa watoto kwa majina. Kila mtu mzima apewe watoto wanne au watano ambao ni wake siku nzima, na awahesabu kila nusu saa. "Sote tunawatazama" maana yake ni kwamba hakuna anayewatazama. Watoto nao wapange wawili wawili, kila mmoja amjue mwenzake.

4. Kaa mbali na maji. Kama kuna mto au bwawa karibu, mtu mzima mmoja asimame upande huo asiondoke, hata wakati wa kukata keki.

5. Fikiria usafiri mapema. Kubeba watoto mishikaki kwenye bodaboda si kubana matumizi, ni kucheza na maisha ya watoto wa watu. Ni afadhali kualika watoto wanane wanaoenea vizuri katika gari, kuliko 20 wanaoning'inia.

6. Beba sweta hata kama jua linawaka, kwa maana jioni za Songea hubadilika upesi. Beba pia sabuni, maji ya kunawa, na kitambaa safi cha kufunga jeraha. Chakula kifunike vema, maana ngedere hawasubiri kualikwa.

7. Ulizeni wazazi wa wageni wenu. Yuko mtoto mwenye pumu, na yuko asiyeweza kula karanga. Andika namba za simu za wazazi wote kwenye karatasi, usitegemee simu ambayo chaji inaweza kuisha.

8. Zawadi ziwe hiari au zisiwepo kabisa. Tusimfanye mtoto wa mwenzetu aone aibu kwa sababu ya mfuko wa mama yake.

Akina mama, jioni ile tulipofika nyumbani, baba aliyekuwa amekataa ukumbi alimwuliza mwanawe sherehe ilikuwaje. Mtoto alikuwa amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Akasema, "Tulikimbia sana," kisha akalala hapo hapo kwenye kochi, kabla hajala chakula cha usiku.

Yule mwenzetu alitusimulia hayo kesho yake, akiwa ameketi kwenye cherehani yake, anamalizia kushona sare ya mteja. Miguu haikusimama kukanyaga alipokuwa akizungumza nasi. Alipokata uzi alisema kwamba mwaka ujao binti yake atatimiza miaka 7, na kwamba ameanza kuweka shilingi 500 kila wiki katika kopo la maziwa.

Tukutane mwezi ujao. Mungu awalinde ninyi na watoto wenu.