Nani Amlipaye Mchezaji wa Kulipwa?

Juzi mwanafunzi wangu mmoja, mkazi wa Mbaraki, alinieleza kwamba anakusudia kuwa mchezaji wa kulipwa wa michezo ya video. Istilahi hiyo tumeizoea kwa wanakandanda. Lakini "kulipwa" ni kauli ya kutendwa, nayo humficha mtenda. Nani alipaye?

Sylvia Gathoni, Mkenya mahiri wa Tekken, alisajiliwa na timu ya kigeni, XiT Gaming, mwaka 2018. Baadaye akadhaminiwa na Red Bull. Hata hivyo alikuwa akisomea sheria, wala hakuzitupa kalamu zake! Tuzo huwaendea wachache. Walio wengi hubaki na bili ya umeme, bei ya vifaa na nauli.

Ajabu ni kwamba kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilitua hapa Mombasa mwaka 2009, ilhali seva za michezo mingi ziko ng'ambo. Pigo la kijana wa Mbaraki humfikia mpinzani wa Ulaya likiwa limechelewa.

Sikubaliani na walimu wenzangu wauitao uraibu huu uvivu mtupu. Nilichomwomba kijana ni aniletee mkataba tuusome pamoja kabla hajautia saini. Bado hajauleta.