Shwari ya nani? Waandishi wa habari za vita wafundishwe kwa kina

Mwaka 2024, katika moja ya kambi za pembeni ya Goma, mama mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza: «Ni wewe ulisema kwa redio kwamba kwetu kumetulia?» Ni mimi. Nilikuwa nimepigia simu mtu mmoja tu wa kijiji chao, huko Masisi, akaniambia hakuna mlio wa risasi tangu siku mbili. Nikatangaza kwamba hali ni shwari. Bwana wa yule mama akasikia, akaenda kuvuna maharagwe yake. Alikuta shamba limeshikwa na mtu mwingine, na njiani wenye silaha wakamlipisha kila alichobeba. Alirudi kambini mikono mitupu, na bado akamshukuru Mungu kwa kuwa amerudi. Mama akaniambia: «Shwari hiyo ilikuwa ya nani?»

Sikudanganya. Niliuliza swali dogo, na jibu dogo likamgharimu mtu. Swali kubwa lilikuwa: nani anashika barabara, nani analima mashamba ya waliokimbia, na aliyeniambia kumetulia anafaidika na nini watu wakirudi?

Mafunzo tunayapata, siwezi kukana. Siku mbili au tatu ndani ya ukumbi wa hoteli, daftari, picha ya pamoja, hela za usafiri, cheti. Wiki inayofuata tunarudia habari ile ile: kikundi fulani kimechukua kijiji fulani, watu wamekimbia, idadi ya waliokufa haijajulikana. Msikilizaji aliyekimbia mara tatu hahitaji kuambiwa kwamba watu wanakimbia. Anataka kujua kwa nini, na kama kuna njia ya kurudi.

Tuchukue Masisi hiyohiyo. Tangu 1937, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilileta huko familia nyingi kutoka Rwanda ili zipate ardhi na kufanya kazi kwenye mashamba makubwa. Sheria ya ardhi ya 1973 ikafanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na waliokuwa karibu na utawala wakapata mashamba makubwa mahali ambapo raia walilima kwa desturi. Sheria ya uraia ya 1981 ikawanyang'anya wengi haki waliyopewa na ile ya 1972. Mwaka 1993 watu walikuwa tayari wanauana Walikale na Masisi, kabla ya wakimbizi wa 1994 kuvuka mpaka, na miaka mingi kabla M23 haijazaliwa 2012. Ongeza coltan ya Rubaya na kodi za vizuizi vya barabarani. Mwandishi asiyejua haya ataeleza kila pambano kama jambo lililoanza jana asubuhi.

Na Masisi si Djugu, wala Beni si Minembwe. Ufunguo mmoja haufungui milango yote. Ndiyo maana mafunzo ya siku tatu, yanayotolewa kwa maneno yaleyale Bunia na Uvira, hayatoshi.

Kuna pia hatari ya maneno. Jirani zetu wa Rwanda walisikia mwaka 1994 redio RTLM ikichochea mauaji, na mwaka 2003 mahakama ya Arusha ikawahukumu wakubwa wake. Sisi tunaweza kuteleza bila hata kukusudia. Ukisema kabila fulani limeshambulia, badala ya kutaja kikundi chenye silaha kwa jina lake, umemweka hatarini mama anayeuza nyanya sokoni kwa sababu tu ya lugha anayozungumza.

Wengine watasema: mwandishi hana mshahara, anaishi kwa kupaje anayopewa na mwenye tukio, na anaweza kuuawa, mafunzo yatamsaidia nini? Neno hilo ni zito. Bukavu haijasahau Serge Maheshe, aliyeuawa Juni 2007, wala Didace Namujimbo, aliyeuawa Novemba 2008, wote wawili wa Radio Okapi. Cheti hakizuii risasi. Lakini kwa sababu hiyohiyo, mwandishi ajifunze namna ya kumficha aliyemwambia habari, namna ya kulinda simu yake, na saa ya kuacha habari isitoke kwa kuwa itamuua mtu. Na wenye redio wajue kwamba anayelipwa usafiri na kamanda hawezi kumuuliza kamanda swali. Pesa zinazoishia hotelini zingemlipa mwandishi kukaa wiki nzima na habari moja.

Mimi ningependa mafunzo ya miezi, si ya siku, kwa Kiswahili tunachotangazia. Kila mwandishi achague mgogoro mmoja, aufuatilie hadi kwenye mizizi, na awe na mhariri wa kumrudishia kazi akisema: hii umeona au umeambiwa? Waandishi wa Goma na Gisenyi, wa Bukavu na Cyangugu, wa Uvira na Bujumbura walinganishe wanayoyasikia, maana uongo hauombi viza mpakani. Na waliokimbia waalikwe kama walimu. Wazee wao wanajua mipaka ya mashamba kuliko ramani yoyote, na akina mama wanajua kila kizuizi na bei yake.

Februari 2025 kambi zile zilivunjwa na watu wakatawanyika. Yule mama sijui alielekea wapi. Lakini swali lake nimebaki nalo, na kila nikipigia mtu simu ninamuuliza: kumetulia kwa nani?

Nanyi wasikilizaji, mkiwa kwa familia za watu, shuleni, kanisani au mmerudi kwenye nyumba isiyo na mabati, mtuulize hivyohivyo. Mtu akitangaza kwamba kwenu ni shwari, mpigie redio simu, umuulize alimsikia nani, lini, na kama yeye mwenyewe angewapeleka watoto wake kulala huko leo usiku.