Kijana wa Miaka 18 na Mkutano wa Kijiji

Wazazi wapenzi, watoto wetu twawafundisha kusali, kulima na kuheshimu wakubwa. Lakini nani awafundishaye sheria ya kijiji? Hapa Ngenge, kama katika vijiji vyote vya Wilaya ya Muleba, mkazi akitimiza miaka 18 huwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Haombi kadi wala hangoji barua. Ni haki yake kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982.

Mkutano huo ndio mkubwa kijijini. Halmashauri ya kijiji, yenye watu 15 hadi 25, huwajibika kwake. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakataza halmashauri kugawa ardhi ya kijiji kabla mkutano haujaridhia.

Basi, tazameni hasara. Vijana wengi husema, "Mkutano ni wa wazee." Siku ya kuamua juu ya ardhi hawapo. Baadaye watafuta mahali pa kulima, wakute pamekwisha gawiwa. Kulalamika njiani hakurudishi shamba.

Yafaa nini? Kwanza, baba na mama waende mkutanoni pamoja na watoto wao waliofikia umri huo, wasichana na wavulana sawasawa. Pili, kijana aulize kwa adabu: fedha za kijiji zimetumikaje? Tatu, ikiamuliwa kazi ya barabara au ya kisima, naye ashike jembe, asiwe mtu wa mdomo tu.

Tangazo la mkutano ujao likitoka, lizungumzeni nyumbani wakati wa chakula cha jioni.