Unga wa Muhogo na Kimeng'enya Chake

Mke wa askari ahamiaye Kasese kutoka nchi ya mahindi hukutana mapema na obundu, yaani ugali wa muhogo, chakula cha heshima kwa Wakonzo tangu mjini hadi Bwera na mpakani Mpondwe. Hununua unga sokoni, huusonga kama alivyozoea kusonga posho, na watoto hushiba. Makala ya juma hili ni kwa ajili yake.

Mwezi wa Septemba 2017, wilayani Kasese, watu waliokuwa wamehudhuria mazishi walishikwa na kutapika, kuharisha na maumivu ya tumbo. Wagonjwa waliohesabiwa katika mkasa ule walifika 98, na wawili wakafa. Uchunguzi uliangukia unga wa muhogo: ulipopimwa, ulikutwa na sumu ya sianidi kwa wastani wa miligramu 88 katika kila kilo, hali kiwango kikubaliwacho ni 10.

Sumu hiyo hutoka wapi? Ndani ya muhogo, hasa ule mchungu (mkulima huupenda kwa kuwa wanyama waharibifu hawana hamu nao), mna kitu kiitwacho linamarini. Jirani yake, nyuma ya ukuta mwembamba, mna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Kimeng'enya ni protini iliyojikunja hata ikapata umbo lenye nafasi ya kupokea kitu kimoja tu, mfano wa kufuli na ufunguo. Hukishika kitu chake, hukikata, hukiachia na kushika kingine, na chenyewe hakipungui. Muhogo ukilowekwa siku tatu hata ukalainika, au ukikunwa, kuta hubomoka na majirani hao hukutana. Linamarini hukatwa, na sianidi hutoka, nyingine kwa maji, nyingine kama hewa. Anayekata vipande na kuvianika upesi kwa sababu soko linamngoja huziacha kuta nyingi zimesimama.

Wengi hudhani moto huiua sumu. Sivyo. Maji yachemkayo huharibu umbo la kimeng'enya, kama yai lililochemshwa lisivyorudi kuwa bichi, lakini linamarini yenyewe huvumilia moto. Atiaye unga mchungu katika maji ya moto amemfukuza mfanyakazi na kuiacha kazi. Vijidudu vya matumboni huja kuimaliza kazi hiyo, na sianidi hutokea ndani ya mwili wenyewe. Huko huziba kimeng'enya kingine, kile kiziwezeshacho chembe za mwili kutumia oksijeni. Basi mtu huvuta pumzi, na chembe zake zinakosa hewa.

Mwili nao una askari wake. Ini lina kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho huiunganisha sianidi na salfa ili itoke kwa mkojo ikiwa na madhara madogo. Salfa hiyo hupatikana katika protini tunazokula: samaki, mayai, nyama, na maharagwe kwa kiasi. Kwa hiyo mtoto alaye obundu kwa mchuzi mtupu kila siku ana kinga dhaifu kuliko yule awekewaye samaki wa Katwe.

Kwa unga wa sokoni ambao hukuona ulivyotengenezwa, iko njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia, ikatumika vijijini Kongo. Changanya unga na maji baridi hata ulowe wote, utandaze safu isiyozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha usonge siku hiyo hiyo. Kimeng'enya kilichosalia ndani ya unga huamka kikafanya kazi yake. Sumu hupungua sana, ingawa haiishi yote. Muhogo mchungu bado wataka kulowekwa tangu mwanzo. Na ikiwa baada ya chakula watu wa nyumba moja wanatapika, wanaona kizunguzungu na kuhema kwa haraka, wapelekwe hospitali mara moja, na unga uliobaki uchukuliwe ukapimwe.